Lushoto bila kukurupuka: mwongozo kamili wa mji, msitu na magenge ya Usambara Magharibi

Wageni wengi wanaotoka Dar es Salaam huipa Lushoto wikiendi moja. Wanafika Jumamosi jioni migongo ikiwauma, Jumapili asubuhi wanakimbilia Irente, genge (yaani ukingo wa mlima unaokatika ghafla) linalotazama tambarare ya chini, wanakuta ukungu umetanda mpaka ncha za viatu hawazioni, wanapiga picha na ukungu huo, kisha wanageuza. Wakifika mjini wanasema pazuri, ila hakuna cha maana cha kuona. Kosa lao ni saa waliyokwenda. Kule mlimani kila sehemu ina wakati wake: msitu ni wa asubuhi, genge ni la jioni, soko ni la siku ya gulio. Ukipanga safari kwa kufuata hilo, hata siku tatu zinakutosha. Ukipanga kwa orodha ya vivutio, wiki nzima haitoshi.

Tuwekane sawa kuhusu mahali penyewe kwanza. Lushoto ni makao makuu ya wilaya ya jina hilohilo mkoani Tanga, juu ya milima ya Usambara Magharibi, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Usambara Mashariki, yenye msitu wa Amani, ni milima mingine iliyotengwa na hii na bonde la Lwengera, na njia yake ni ya Muheza. Wapo watu wanaolipia chumba Lushoto wakidhani Amani ni matembezi ya mchana. Si hivyo. Hiyo ni safari nyingine, ipangie siku zake.

Kuchagua mwezi

Masika huanza Machi na kuishia Mei. Miezi hiyo mito hujaa na kila kitu huwa kijani, lakini barabara za udongo huteleza kama zimepakwa mlenda, na hata barabara ya lami ya kupandia mlimani wakati mwingine huzibwa na udongo unaoporomoka. Kama huna sababu ya kwenda miezi hiyo, acha.

Juni hadi Agosti ni kipupwe, na mlimani kipupwe hakina mzaha. Njia huwa kavu na kutembea ni raha, ila asubuhi ukungu unaweza kukaa hadi saa nne au saa tano, na usiku utatafuta blanketi la pili. Septemba na Oktoba jua huanza kuchangamka, lakini tambarare ya chini hujaa vumbi na moshi wa mashamba, kwa hiyo ukiwa juu ya genge unaona mbali kwa shida.

Mimi ningechagua Januari au Februari. Vuli imeshapita, hewa imeoshwa, na ni msimu wa pichi na plamu. Desemba nayo ni nzuri kwa matunda, lakini kuelekea Krismasi mabasi hujaa wenyeji wanaorudi nyumbani, na tiketi huisha mapema.

Kupanda

Kutoka Dar, yapo mabasi ya moja kwa moja hadi Lushoto, yanaanzia Stendi ya Magufuli kule Mbezi. Njia inapita Segera, Korogwe, kisha Mombo, ambako barabara ya mlimani inaachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Panda basi la asubuhi, si kwa sababu ya kuwahi tu. Kipande cha Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 hivi, ni sehemu ya safari yenyewe, na ukikipita gizani umepoteza nusu ya ulichofuata.

Anayetoka Arusha au Moshi atapanda basi lolote la Dar au Tanga linalopita Mombo. Mwambie konda mapema, tena mkumbushe mkifika Same, maana akisahau mtastukia mko Korogwe. Pale njia panda ya Mombo utakuta Coaster na Noah zinazosubiri abiria wa mlimani. Noah huondoka ikijaa, na kujaa kwake si kujaa unakokujua wewe. Kama una mzigo mkubwa, subiri Coaster. Kutoka Tanga mjini yapo mabasi ya moja kwa moja pia.

Mombo ni kama mita 400 tu juu ya bahari, na joto lake unalijua. Ukifika Lushoto umepanda mita 1,000 nyingine ndani ya saa moja na kitu, na kwa kawaida kila mita 1,000 hupunguza nyuzi sita hivi za joto. Kwa hiyo sweta isikae chini kabisa ya begi. Kona ni nyingi na zinafuatana. Kama tumbo lako halipatani na kona, usile chipsi mayai Mombo, kaa viti vya mbele, tazama barabara na si simu. Makonda wengi huwa na vifuko vya kutapikia. Omba kabla hujahitaji.

Anayeendesha mwenyewe apige honi kwenye kila kona asiyoona mbele, na amwachie njia anayepanda. Wakati wa kushuka tumia gia ndogo, hata kama gari ni la otomatiki. Breki zikinuka, umeshachelewa: simama mahali pa wazi, ziache zipoe.

Katikati ya njia kuna Soni, mji mdogo wenye maporomoko ya maji kando kabisa ya barabara. Abiria wa basi huyaona dirishani kwa sekunde chache. Yasikusikitishe, utayarudia.

Mahali pa kulala na mtu wa kukuongoza

Gesti zipo nyingi karibu na stendi, na hoteli zenye bustani ziko pembeni ya mji na njiani kuelekea Irente na Magamba. Kabla hujalipa uliza mambo mawili. La kwanza ni maji ya moto: ya bomba au ya ndoo? Ya ndoo si mabaya, ila lazima uyaagize usiku ule, la sivyo saa kumi na mbili asubuhi utaoga maji yanayokata meno. La pili ni idadi ya mablanketi. Lushoto ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na wiki ya mahafali vyumba vizuri huchukuliwa na wazazi na ndugu, kwa hiyo piga simu mapema.

Kuhusu kiongozi, kwenye stendi utafuatwa na vijana kabla hujashusha begi. Wengine ni viongozi wa kweli, wengine wanajua njia ya Irente peke yake, ambayo hata wewe ungeiuliza ukaambiwa. Usikubaliane na mtu stendi. Nenda kwanza kapumzike, kisha tafuta ofisi za waongoza watalii zilizopo katikati ya mji, uliza kitambulisho, na mpatane kwa maandishi: bei ni ya mtu au ya kundi? Ada ya msitu imo au haimo? Chakula cha kiongozi nani analipa? Maswali hayo matatu ndiyo chanzo cha ugomvi karibu wote.

Je, unamhitaji? Kwa Irente na mjini, hapana. Kwa msitu wa Magamba, ndiyo, kwa sababu njia zinagawanyika ndani ya ukungu na kwa sababu bila mtu anayejua utapita chini ya kinyonga bila kumwona. Kwa kutembea vijijini siku kadhaa, usifikirie mara mbili.

Siku ya kufika: mji wenyewe

Ukifika saa nane au saa tisa mchana, usikimbilie popote. Wajerumani waliufanya mji huu kituo chao mwishoni mwa karne ya 19 na kuuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Maofisa walikuwa wakipanda huku kulikimbia joto la pwani. Majengo yao kadhaa bado yapo, yenye kuta nene na mapaa yaliyoinama, na mikaratusi mirefu kando ya njia. Saa moja ya kutembea inatosha.

Soko ndilo la kukaa. Usambara Magharibi ni shamba la mboga: kabichi, karoti, viazi mviringo, hoho, nyanya, vyote hupandwa kwenye miteremko ambayo ukiitazama unajiuliza mkulima amesimamaje. Siku ya gulio watu hushuka kutoka vijijini tangu alfajiri, na kila mji mdogo una siku zake, kwa hiyo uliza gesti gulio la karibu ni lini, kisha upange siku zako kulizunguka. Nunua pichi kwa fungu, si kwa moja moja. Bonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba: likibonyea kidogo, la kula leo; likiwa gumu, la kubeba.

Wenyeji ni Washambaa, na salamu ndiyo mlango. Shikamoo kwa wazee haina badala. Ukiongeza “onga maundo” asubuhi, na “hongea” unapopewa kitu, utaona uso wa muuzaji ukifunguka, ingawa bei haitashuka sana. Ni mji wa misikiti na makanisa, na watu huvaa kwa staha. Kaptula fupi ziache kwa ajili ya pwani. Na picha ya mtu, hasa ya mama aliyebeba mzigo, ombwa kwanza.

Asubuhi ya pili: Magamba

Hapa ndipo ukungu unapogeuka kuwa faida. Msitu wa Magamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, uko kilomita chache kaskazini ya mji, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Toka gesti saa kumi na mbili na nusu, uwe mlangoni mapema. Ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo unayopewa na ofisi, kwa simu au benki. Usimpe mtu fedha taslimu mkononi. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, lakini uwe na kitambulisho cha kuthibitisha. Salio liwe tayari kwenye simu, maana kurudi mjini kutafuta wakala ni kupoteza asubuhi nzima.

Msitu huu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Milima ya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Ni misitu mikongwe mno, na kila mlima umezungukwa na nchi kavu ya chini kama kisiwa, ndiyo maana viumbe vyake vingi havipatikani mahali pengine duniani. Watazama ndege huja kutoka nchi za mbali kwa ajili ya vindege vidogo ambavyo wewe ungevipita tu, vingine vikibeba jina la Usambara lenyewe.

Kwa asiye mtaalamu wa ndege, haya ndiyo ya kumwomba kiongozi. Kwanza mbega weusi kwa weupe. Utawasikia kabla hujawaona, wananguruma alfajiri kwa sauti nzito ambayo haifanani na umbo lao. Nyamaza, tazama juu kabisa ya matawi, tafuta mkia wenye ncha nyeupe unaoning’inia. Pili ni mkulo, mti mkubwa wa kafuri ambao majina yake ya kitaalamu yanabeba Usambara: Ocotea usambarensis. Ukikuta gogo au kipande cha mti huu kimeanguka, kwangua kidogo kwa ukucha na unuse. Harufu yake ndiyo iliyouponza, kwani mbao zake zilipendwa mno tangu enzi za ukoloni, na miti mikubwa iliyobaki imebaki kwa bahati na kwa sheria. Tatu ni kinyonga wa Usambara, ambaye dume lake lina pembe tatu usoni.

Kinyonga kwa kweli ni kazi ya usiku. Mchana amejificha kwenye majani kwa rangi yake, lakini akilala hushikilia ncha ya kijitawi, mkia umejikunja kama skurubu, na ngozi yake hupauka. Ukimulika kwa tochi, anaonekana mweupe katikati ya majani ya kijani, hata mtoto angemwona. Huhitaji kuingia hifadhini kwa hilo; mwombe kiongozi akutembeze kandokando ya msitu au kwenye bustani ya hoteli baada ya saa moja usiku. Mumulike kidogo, msimguse, muondoke.

Njia fupi ya Magamba ni saa mbili au tatu. Ndefu, inayopanda kuelekea kilele kilicho juu ya mita 2,200, ni siku nzima. Kuna pia mahandaki yaliyochimbwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ukiingia uwe na tochi na uiname. Viatu viwe vya soli yenye meno, suruali ndefu ichomekwe ndani ya soksi, na koti la mvua hata kama mbingu ni safi, kwa sababu msituni miti yenyewe hudondosha maji.

Mchana wa tatu: Irente

Asubuhi ya siku hii irudie Soni kwa daladala. Shuka uyasogelee maporomoko kwa miguu, kunywa chai pale mjini, na kama miguu inakuruhusu panda kimlima kilicho jirani kiitwacho Kwa Mungu. Uwe umerudi Lushoto saa saba.

Sasa ndiyo Irente. Ni kilomita tano au sita kutoka mjini, na ningekushauri uende kwa miguu. Ondoka saa nane mchana. Njia inapita katikati ya vijiji na mashamba, huwezi kupotea, na kila mtoto atakuonyesha kabla hujauliza. Njiani kuna shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, linalotengeneza jibini, jemu na mikate. Chakula chake cha mchana ni mkate mzito, jibini, mboga za shambani na juisi, na hukifikirii kuwa ni kingi mpaka ukimalize. Ukitaka kula pale, toa taarifa asubuhi.

Fika kwenye genge saa kumi. Utalipa kiingilio kidogo. Kisha ardhi inakatika ghafla. Mbele yako ni hewa tupu, na chini, karibu mita 1,000, iko tambarare: barabara kuu yenye malori madogo kama sisimizi, Mombo na mabati yake yanayometa, mistari iliyonyooka ya mashamba ya mkonge ya Mazinde, na ng’ambo yake nyika inayokwenda hadi macho yachoke. Kwa kuwa genge linatazama magharibi, mwanga wa jioni unakuja usoni na kuipaka tambarare rangi ya shaba. Asubuhi ni kinyume: joto la chini linapandisha mvuke, na mvuke huo unafikia ukingo ukiwa wingu. Ndiyo maana watu wa Jumapili asubuhi hawaoni kitu.

Miamba ya ukingoni huteleza ikiwa na umande au mvua, na upepo hupuliza kwa mikupuo. Mwenye watoto awashike mikono. Picha ya kuning’iniza miguu haina maana yoyote, hasa ukijua kwamba anayekupiga picha hawezi kujua kama unasogea nyuma au mbele. Kabla hujaondoka mjini uwe umepatana na bodaboda aje akuchukue saa kumi na mbili na nusu, kwa bei ya kwenda na kurudi, na ulipe ukishafika. Jioni bodaboda za pale juu ni chache na zinajua kwamba giza linakuja.

Ukiwa na siku mbili za ziada: Mtae

Mtae iko mwisho wa milima upande wa kaskazini, juu ya kigongo chembamba ambacho pande zote mbili zinaporomoka. Kwa basi ni safari ya saa kadhaa za barabara ya udongo. Usiende na kurudi siku moja, kwa sababu cha kuona ni jioni na alfajiri. Lala pale. Asubuhi ikiwa safi utaitazama nyika ya Mkomazi, milima ya Upare, na siku za bahati Kilimanjaro, kabla jua halijaifunika kwa mawingu.

Njia bora zaidi ya kufika ni kwa miguu, siku tatu au nne kutoka Lushoto kupitia Magamba, Lukozi na Rangwi. Rangwi kuna nyumba ya masista wanaopokea wageni, na mlo wao wa jioni husifiwa na kila anayepita. Anayetaka kurudi kwa njia nyingine apitie Mlalo, mji wa zamani uliojaa nyumba za matofali zenye roshani za mbao, ambako wamisionari wa Kilutheri walianza kituo mwaka 1891. Beba fedha taslimu za kutosha: mashine za benki ziko Lushoto mjini, na ukishaipita Magamba utategemea wakala wa simu, ambaye naye huenda hana salio la kutosha.

Wapenda historia wanaweza kubadilisha Mtae kwa Vugha, upande wa Soni, uliokuwa makao ya wafalme wa Washambaa, wa ukoo wa Kilindi. Masimulizi ya Washambaa yanasema Mbegha, mwanzilishi wa ukoo huo, alikuja kutoka milima ya Unguu akiwa mwindaji, akawaua nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, na watu wakampa utawala. Ukoo wake ulitawala milima hii kwa vizazi vingi, na katika karne ya 19 nguvu za mfalme Kimweri ye Nyumbai zilifika hadi pwani. Usiingie kwenye makaburi ya kifalme bila mzee wa pale kukukaribisha.

Kushuka

Mabasi ya Dar huondoka alfajiri, kwa hiyo kata tiketi siku moja kabla, chagua kiti mwenyewe, na uliza kama basi linaanzia stendi au linazunguka vijijini kwanza. Matunda ya kubeba nunua jioni, yale magumu, uyapange kwenye boksi lenye nyasi na si kwenye mfuko, kisha uliweke miguuni. Ukimpa konda alitupe kwenye buti, kona za Soni zitakutengenezea jemu kabla hujafika Mombo.